Naomba ushauri: EP ya rimiksi na kava, ruhusa tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza muziki wa elektroniki, na tunataka kutoa EP (albamu fupi) ya rimiksi (rekodi ya wimbo iliyofumuliwa na kusukwa upya) na kava (wimbo wa mtu ulioimbwa upya na mwingine). Mfano wetu ni bendi ya The Postal Service ya Marekani. Singo yao ya mwaka 2003 ilibeba nyimbo zao mbili, kisha bendi ya The Shins na msanii Iron & Wine wakaimba upya nyimbo za bendi hiyohiyo. Iron & Wine aliweka kando mashine akashika gitaa, akaimba kama ananong'ona, na wimbo ukasimama vilevile. Kwangu hicho ndicho kipimo cha utunzi mzuri.

Mwenzangu anataka tupige taarab ya zamani kwa sintesaiza. Mimi naona tuwape wengine nyimbo zetu wazifumue na kuzisuka upya.

Kava inahitaji ruhusa ya mtunzi. Kurimiksi wimbo wa mtu kunamgusa pia mwenye rekodi. Aliyewahi kuomba ruhusa hizi Tanzania alianzia COSOTA (ofisi ya hakimiliki) au kwa familia ya mtunzi? Na anayekufanyia rimiksi, mnalipana mara moja au mnagawana mapato? Naombeni majibu kabla hatujaingia studio.