Nyambizi yangu ya sentimita 93 inazama kwa pua: nifanyeje?

Kijana wa Tudor
Asalaam aleikum wenzangu. Tangu Ramadhani naunda nyambizi ndogo, mfano wa zile za Wajerumani aina ya VIIC za Vita Vikuu vya Pili. Yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 67.1, nimeipunguza mara 72, ikaja sentimita 93. Kila kitu nimechonga mwenyewe. Gamba la nje ni faibaglasi, na ndani kuna paipu ya PVC ya milimita 75, urefu sentimita 55, iliyobeba betri, mota na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti). Tangi la farumi, yaani la maji ya kuitia uzito izame, ni bomba la sindano la mililita 60 linalovuta na kusukuma maji.

Juzi niliitia kwenye kidimbwi cha kuogelea. Juu ya maji ilikwenda vizuri mno. Kuizamisha tu, omo (pua) likatangulia, tezi (upande wa nyuma) likabaki juu, kisha ikalala ubavu. Kuifungua, maji nusu kikombe! Nadhani yanapitia kwenye mti wa rafadha, ule mhimili unaozungusha pangaboi. Jumamosi nataka kuijaribu baharini hapa Tudor. Rimoti ni ya gigahezi 2.4. Nisaidieni, kazi hii naipenda sana.

Fundi wa Redio
Waaleikum salaam. Kaka, Tudor usiende nayo! Gigahezi 2.4 kwenye maji ya chumvi hufa ndani ya sentimita chache. Ikizama tu, huiamrishi tena. Wenye nyambizi hizi wengi hutumia redio za megahezi 27, 40 au 75, ambazo hupenya mita kadhaa, nazo ni kwenye maji matamu. Baharini hata hizo hazifui dafu.

Baharia Mstaafu
Mwanangu, hongera kwa kazi ya mikono yako. Nijibu kwanza: gamba la nje lina matundu juu, kwenye sitaha? Na betri umeilaza wapi?

Kijana wa Tudor
Shikamoo mzee. Matundu yako chini tu. Betri iko juu ya mota, nafasi ilikuwa finyu.

Baharia Mstaafu
Marahaba. Basi ugonjwa ndio huo. Maji yanaingia kwa chini, hewa ya tezi haina pa kutokea, kwa hiyo inalinyanyua. Toboa sitaha yote, kutoka omo hadi tezi. Zile za kweli nazo zilikuwa na matundu mengi ubavuni kwa sababu hiyohiyo.

Betri ishushe chini kabisa. Uzito ukiwa juu, chombo hupinduka, iwe dhau au nyambizi. Kisha nunua chubwi za risasi kwa wauza mishipi, uzipange kwenye mkuku, chini kabisa ya gamba. Usizigundishe bado, ziweke kwa utepe, usogeze moja moja mpaka ikae sawa majini.

Na piga hesabu hii. Paipu yako inasukuma kando lita 2.4 hivi za maji. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, yaani yanakubeba gramu 60 zaidi. Bomba lako lote ni mililita 60! Ukiisawazisha kidimbwini, baharini itakataa kuzama.

Mama wa Nyali
Mti wa rafadha upitishe ndani ya kineli (kijibomba) cha shaba, ukijaze grisi nzito, na uweke oili sili (mipira ya kuzuia maji) ndogo mbili. Kabla ya kurudisha umeme ndani, tia karatasi ya shashi kavu kwenye paipu, uifunge, uizamishe kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi shashi itakwambia ukweli. Mwanangu aliiruka hatua hii na akaunguza risiva.

Fundi wa Redio
Nyongeza: ipange risiva ili mawimbi yakikatika, bomba lisukume maji nje lenyewe. Na iache nyepesi kidogo, izamishwe na mapezi ikiwa mwendoni. Mota ikizima, inaibuka.

Kijana wa Tudor
Allah awalipe. Nimetoboa matundu 40 kwenye sitaha na betri nimeishusha. Leo kwenye pipa imezama ikiwa imenyooka, tezi na omo pamoja! Shashi lakini imelowa upande mmoja, kwenye kifuniko cha nyuma wala si kwenye mti. Kesho natafuta mpira wa duara wa kukibana. Safari ya Tudor nimeiahirisha. Jumamosi ni kidimbwini, na nimeifungia mshipi wenye boya.