GTO ya 1968 au Chevelle SS 396 ya 1969? Nina siku nane tu

Kipanga77
Wakuu heshima kwenu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na tatu sasa, na wanaonijua wanajua hamu yangu ya gari la misuli (muscle car, gari la Kimarekani la zamani lenye injini kubwa) imeanza tangu naosha vyombo hotelini. Sasa hela ipo. Nimepata mawili:

Pontiac GTO ya 1968, kijani, milango miwili, imetunzwa kama yai. Anauza mama mmoja mjane, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Dola 38,000.

Chevrolet Chevelle SS 396 ya 1969 (SS ni Super Sport, toleo la kasi; 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), nyekundu yenye mistari myeusi, iko yadi. Dola 41,500. Inang'aa mpaka unachania nywele.

Mama kanipa mpaka Jumamosi ijayo, baada ya hapo mpwa wake anaipeleka mnadani. Mnanishauri nini?

Fundi_Spana
Mkuu umetuambia rangi, hujatuambia gari. Injini ya GTO ni ile iliyozaliwa nayo? Gia za mkono au otomatiki? Breki za mbele diski au dramu? Umeangalia chini? Chevelle ina karatasi gani? Namba za chesi zinaanzaje? Na utalaza wapi, gereji au uani kwenye chumvi ya barabara za Ohio? Nenda, rudi na majibu, ndipo tuongee.

HemiAuBasi
Achana na zote. Tafuta Dodge Challenger R/T ya 1970. Kwenye Mopar, yaani gari za Chrysler kama Dodge, huhitaji kubembeleza mtu akuoneshe karatasi: herufi ya tano kwenye namba ya chesi ndiyo injini. U ni 440 ya kabureta moja, V ni 440 ya kabureta tatu, R ni Hemi 426. Chuma kinajitaja chenyewe.

Fundi_Spana
HemiAuBasi, mtu akiuliza friji hapa utamwambia Challenger. Kwa 40,000 hiyo R/T ya 440 atauziwa milango na usukani.

HemiAuBasi
Milango ya Challenger ni bora kuliko Chevelle nzima.

Kipanga77
Haya majibu. GTO ni otomatiki, fimbo iko katikati ya viti, ina njia mbili za ajabu, sikuelewa. Maili 71,000. Mama anasema marehemu mumewe aliinunua mpya. Iko gereji, imefunikwa shuka la kitanda lenye maua. Breki sijaangalia. Chini sijaangalia, nilikuwa nimetoka kanisani na suti. Chevelle jamaa wa yadi anasema ni "SS halisi asilimia mia" ila karatasi za kiwandani zilipotea.

Mzee_wa_Woodward
Kijana, niko hapa Detroit tangu 1981, nimezishika sana hizi gari. Sikiliza taratibu.

GTO ilianza 1964. General Motors (GM), kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, walikuwa na sheria yao ya ndani kwamba gari la saizi ya kati lisipewe injini kubwa kupita inchi za ujazo 330. Vijana wa Pontiac, akiwemo John DeLorean, wakaizunguka: wakachukua gari lao la kawaida, Tempest LeMans, wakaweka injini ya 389, wakaiita kifurushi cha nyongeza tu, si gari jipya. Wakubwa waliposhtuka, wateja wameshapanga foleni.

Kwa hiyo GTO ya 1964 na 1965 huwezi kuithibitisha kwa namba ya chesi. Ya kwako ya 1968 unaweza. Simama nje ya kioo cha mbele upande wa dereva, soma kibati kilicho juu ya dashibodi. Ikianza na 242, hiyo ni GTO ya kweli. Ikianza na 237, ni LeMans iliyovishwa kanzu ya watu. Halafu lipia Pontiac Historic Services wakutumie nakala ya ankara ya kiwandani. Inaonesha injini, gia, rangi, mpaka redio.

Chevelle ndiyo shida. Kuanzia 1966 mpaka 1968 SS 396 ilikuwa na namba zake, inaanza na 138. Mwaka 1969 wakaifanya SS kifurushi, msimbo wake Z25, na namba ya chesi haikuambii kitu. Chevelle Malibu ya kawaida ya bibi wa shule ya Jumapili na SS ya kweli zote ni 136. Bila karatasi, "halisi asilimia mia" ni maneno ya mdomo.

Hiyo fimbo ya njia mbili ni ya kampuni ya Hurst. Njia moja ni otomatiki ya kawaida, ya pili unapanda gia mwenyewe moja moja. Kwenye matangazo waliiuza kama gia ya bwana na bibi.

MamaTausi
Shikamoo Mzee. Gia ya bwana na bibi! Na nani aliamua bibi ndiye hajui kupanda gia? Mimi Minneapolis hapa nimeendesha basi la shule miaka sita kwenye barafu.

Kipanga, kaka yangu, swali ambalo hawa wanaume hawajakuuliza: shemeji yetu anajua?

Mzee_wa_Woodward
Marahaba mama. Mimi nimesimulia tangazo tu.

Kabureta4
Nitaandika kirefu mnisamehe, maana hii Chevelle imenikumbusha kidonda.

Miaka michache nyuma nilinunua Chevelle "SS" ya 1970 kwa picha. Picha arobaini, hakuna hata moja ya chini. Ilitoka jimbo lingine, ikaja juu ya lori usiku, tukaishusha kwa tochi. Jamani ilivyokuwa nzuri! Mke wangu alitoka na kanga akazunguka mara mbili akasema, "Hii nayo gari." Nikavimba kichwa.

Kesho yake akaja mzee wa jirani, fundi mstaafu. Hakusema kitu. Akatoa sumaku ndogo ya friji, ile ya kubandika risiti, akaifunga kwenye leso isikwaruze rangi. Akaigusisha mlangoni, ikanasa. Boneti, ikanasa. Akaja ubavu wa nyuma, juu ya tairi, akaiachia. Ikaanguka chini tii. Akasogea inchi nne, ikaanguka. Pale pote hapakuwa na bati, palikuwa na puti. Baadaye tulipoikwangua, unene wake kidole changu cha gumba.

Lakini hiyo ni kionjo. Tukafungua buti, tukatoa zulia jipya linalonuka gundi. Sakafu imepakwa rangi nyeusi nzito. Mzee akaingia chini ya gari, akaniita. Nikalala kwenye saruji baridi na tochi. Aliyeziba tundu la sakafu ya buti alitumia kibao cha barabarani, kakipiga ribiti. Kwa chini rangi nyekundu bado ipo, na herufi mbili nyeupe: OP. Yaani gari lilikuwa limeniandikia SIMAMA, nami sikuinama kusoma.

Injini nayo haikuwa yake. Tangu 1968 kipande cha namba ya chesi kinagongwa kwenye injini. Kwangu pale pamesagwa kwa jiwe, pakagongwa upya, herufi zimelala kama meno ya mlevi. Nililipa 36,000, nikauza kwa 17,500 kwa mtu niliyemwambia ukweli wote. Muuzaji wangu hakuwahi tena kupokea simu.

Kwa hiyo Kipanga, suti nyingine utanunua. Lala chini.

Fundi_Spana
Pole mkuu. Nyongeza: hizi za GM za 1968 mpaka 1972, angalia pembe za chini za kioo cha nyuma. Maji yanakaa pale chini ya ukanda wa nikeli, yanatoboa, yanadondokea kwenye buti. Ukiona zulia la buti jipya kwenye gari la miaka hamsini na zaidi, jiulize linaficha nini.

NairobiMwendo
Mbona hakuna anayemwambia bro anunue Mustang GT mpya? Inawasha heater, ina mifuko ya hewa, inasimama ukikanyaga breki. Hizo za zamani ni bangili, si gari. Ama anunue GTO ailete nyumbani, siku ya Concours, maonyesho ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse Nairobi watu watapanda miti.

Fundi_Spana
Nyumbani wapi? Kenya gari likizidi miaka minane haliingii, na hilo usukani uko kushoto.

NairobiMwendo
Tanzania basi.

Kipanga77
Tanzania kuna ushuru wa uchakavu. Gari la 1968 uchakavu wake ushaanza kupokea pensheni. Siileti popote, itakaa hapa.

Kabureta4
Na mafuta? GTO ya 1968 ya kawaida mgandamizo wa injini yake ni 10.75 kwa 1, mkubwa. Ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo Marekani ilipigwa marufuku barabarani 1996. Atanunua ya bei ya juu kila siku, na ethanoli iliyomo inakula mipira ya zamani ya mafuta.

Fundi_Spana
Mipira ya mafuta ni dola chache, abadilishe yote siku ya kwanza. Na habari kwamba petroli isiyo na risasi inakula valvu inatiwa chumvi sana. Gari la Jumapili halikimbizwi mpaka viti vya valvu viungue.

Mzee_wa_Woodward
Mkizungumzia Marekani na Afrika Mashariki, mnasahau kwamba Mercury, tawi la Ford ya Marekani, walileta gari zao za Comet kwenye Safari Rally ya 1964. Silinda nane, pesa ya Detroit, vipuri vya kumwaga. Nyingi hazikufika mwisho. Kikashinda kigari kidogo cha Ford ya Uingereza, Cortina GT.

NairobiMwendo
Na mwaka uliofuata Joginder Singh akashinda na Volvo iliyotumika! Babu yangu alikuwa anasimulia hiyo kila Pasaka. Asante Mzee. Unaona sasa, chuma za Kimarekani ni za barabara iliyonyooka tu.

HemiAuBasi
Matope yanahusiana nini na 440?

NairobiMwendo
Maisha yote ni matope bro. Peugeot 504 ndiyo gari.

MamaTausi
Tumefika Peugeot. Kipanga, bado hujajibu habari ya shemeji.

Kipanga77
Wakuu nimerudi. Jana nimeenda na ovaroli.

Kibati kinaanza 242. Nilikisoma mara tatu kwa sauti, mama akadhani nasali. Chini sakafu ni kavu, rangi ya kiwandani bado inaonekana sehemu sehemu. Sumaku inanasa kote isipokuwa bampa la mbele, moyo ukanipasuka.

Breki dramu magurudumu yote manne. Pembe ya kushoto ya kioo cha nyuma kuna kipele, nimekibonyeza na bisibisi, ikaingia kidogo. Tundu kama punje ya mahindi.

Injini mama aliiwasha mwenyewe. Akafungua boneti, akamimina petroli kidogo kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, akaniambia nisimame kando. Ikakohoa mara mbili, ikakamata. Jamani, ule mngurumo nimeusikia tumboni.

Halafu yadi wamenipigia: Chevelle sasa 39,000. Na ile ina diski mbele. Nimechanganyikiwa upya.

Mzee_wa_Woodward
Bampa la mbele la GTO ya 1968 si chuma, ni plastiki ya Endura, inapakwa rangi ya gari. Pontiac walitangaza kwa kuligonga na nondo, linarudi kama mpira. Sumaku haina haki ya kunasa pale. Angalia nyufa tu.

Kabureta4
39,000 bila karatasi, na bei imeshuka wiki ile ile umeuliza maswali. Nishasema yangu.

Fundi_Spana
Usikimbie Chevelle kabla hujaiona kwa chini. Inawezekana ni ya kweli na karatasi zilipotea tu, watu hupoteza hata vyeti vya ndoa. Na diski ni jambo kubwa, Z25 ilikuja nazo, wakati GTO zilikuwa za kulipia. Ushawahi kushuka mlima na dramu nne na tani karibu mbili? Mara ya kwanza inashika, ya pili inashika nusu, ya tatu unaomba.

Mzee_wa_Woodward
Ohio ina mlima gani huko Columbus?

Fundi_Spana
Mzee nasema kwa mfano.

Mzee_wa_Woodward
Diski zinafungwa wikiendi moja, za mwanzo unazihifadhi kwenye sanduku. Ankara ya kiwandani haifungwi na spana. Lakini hilo tundu, kijana, unaloona kama punje ya mahindi ndani yake huwa ni gunzi. Toa kiti cha nyuma, mulika tochi kwa ndani ndipo utaje bei. Na toa kifuniko cha chujio la hewa uhesabu koo za kabureta. Mwaka huo kulikuwa na ya otomatiki yenye koo mbili, farasi 265, kwa wabana mafuta. Ya kawaida ina nne, farasi 350.

HemiAuBasi
Kuna Challenger ya 1971 Indiana naiona hapa, 383, haina injini kwa sasa.

MamaTausi
"383, haina injini." Mungu atunusuru. Kipanga, bima umeuliza? Ya gari la kale mnakubaliana thamani kabisa kwenye maandishi kabla, usiende na bima ya kawaida watakulipa bei ya chuma chakavu. Na shemeji?

Kipanga77
Bima nimeuliza, wanataka picha na gereji yenye kufuli. Gereji kwa sasa ina friza ya mke wangu na magunia ya nguo za kutuma nyumbani.

Shemeji yenu anajua kuna gari. Hajui lipi na hajui bei.

Koo za kabureta sikuhesabu. Nimempigia mama niende Alhamisi na tochi, kasema niende, ila mpwa wake naye atakuwepo.

Fundi_Spana
Picha ya chini basi. Siku tano uzi huu hatujaona hata picha moja.