Naomba ushauri: kigari cha rimoti kinageuza mkia kila nikitoka kwenye kona

Habari za jioni wakuu. Nina traki ya mashindano ya rimoti, skeli ya 1/10, inayosukumwa na matairi ya nyuma tu, mota ikiwa mbele ya ekseli ya nyuma. Tunakimbizia kwenye udongo mgumu wenye vumbi laini juu kama unga. Nikimaliza kona na kufungulia moto, mkia unanipita, najikuta natazama nilikotoka.

Jana nilipima kwa mizani ya jikoni (nikaambulia maneno kwa mama watoto). Mbele gramu 960, nyuma 1,240. Yaani nyuma inabeba asilimia 56 tu, na kwa vumbi hili naona haitoshi.

Nikabandika kipande cha risasi (ile metali nzito) cha gramu 60 nyuma kabisa, karibu na bampa. Kuondoka kukawa kuzuri, lakini kwenye kona pana mkia unabembea kama debe la maji, na mbele kumekuwa kwepesi, haigeuki vizuri.

Betri ina nafasi ya kurudi nyuma sentimita 2. Je, niondoe risasi nisogeze betri? Au nianze na springi laini za nyuma na oili nyepesi kwenye shokapu? Matairi ya nyuma nimeshayaelekeza ndani nyuzi 3, sitaki kuongeza. Na nikiri tu, meno ya matairi yenyewe yamelika kiasi, ila mapya bei yake inauma. Aliyekimbizia vumbi la namna hii, alianzia wapi?