Mjadala: Mtoto ana miezi 18 hajatembea, na kliniki wanapima kilo tu. Ni sawa?

Mama Pacha:
Wakuu, nina pacha. Doto alitembea na miezi 11. Kulwa alifika miezi 18 hajasimama hata dede. Kliniki sikukosa mwezi: ananing'inizwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa, narudishiwa kadi. Siku ya surua ya pili, miezi 18, alichomwa nikiwa nimempakata, nikamfunga mgongoni na kanga tukaondoka. Hakuna aliyesema "hebu mshushe chini tumwone." Mtindio wa ubongo, ile hitilafu ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuongoza viungo vyake, ukaja kujulikana ana miaka 2 na nusu. Ndiyo nauliza: kwa nini isiwe lazima, siku ya sindano hiyo, mtoto ashushwe sakafuni nesi aone anavyosimama? Au mnaona ni kuwatia kina mama hofu?

Mzee wa Kigamboni:
Pole sana mama. Ila mimi ni wa upande wa kutotia hofu. Kila mtoto na siku yake. Mdogo wangu alisota kwa makalio mpaka karibu miaka 2, leo ni dereva wa lori Dar mpaka Tunduma. Tatizo la sasa ni malezi. Mama yuko kazini, mtoto kaachiwa dada wa kazi, naye anamtumbukiza kwenye woka, kile kigari cha kujifunzia kutembea, mbele ya katuni ili aoshe vyombo. Hapo mtoto atatembea vipi?

Nesi wa Zamu:
Mama Pacha pole, lakini hilo la "kilo tu" limeniuma. Jumatatu nina kina mama zaidi ya 70 na tuko wawili. Tunauliza, mama anajibu "anaendelea vizuri" kwa sababu foleni imemchosha, anataka kwenda. Viwango vipo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006 uliona watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi. Kukaa bila kushikwa, mwisho miezi 9. Kwa hiyo sindano ya miezi 18 inaangukia palepale muda unapoisha. Hoja yako naiunga mkono, ila tuongezewe watu.

Chausiku:
Hao walipima watoto wa Ulaya, Nesi. Mtoto wa Kiafrika anawahi.

Abu Salim, Maskati:
Si Ulaya tu dada yangu. Nchi zilikuwa 5: Ghana, India, Norway, Marekani na hapa Oman. Na kingine walichokiona: watoto kama 4 katika 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Mke wangu alikosa usingizi kwa hilo, mtoto akainuka siku moja akatembea.

Chausiku:
Sawa kaka, lakini kuwahi kupo. Kuna Mmarekani, Charles Super, miaka ya 1970 alikuwa kwa Wakipsigis kule Kenya. Akaona watoto wao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu mama zao wanawafundisha. Kutambaa hawakufundishwa, na huko hawakuwahi. Bibi yangu Pangani alikuwa hivyo hivyo: anachimba kishimo kwenye mchanga uani, anakutia mpaka kiunoni, kanga kaikunja nyuma ya mgongo wako, halafu anakaa mbele anasuka ukili. Ukiutaka ule ukili, lazima ujinyooshe.

Mama Pacha:
Mama mkwe alimchimbia Kulwa shimo hilo hilo. Wiki tatu. Mchanga ulimtoa vidonda mapajani. Kwa mtoto mzima sina neno, kwa wangu shimo lilinila muda ambao angekuwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo.

Zaituni:
Mzee wa Kigamboni, nimesoma maneno yako mara tatu. Mimi ni dada wa kazi, mwaka wa 4 nyumba hii. Woka aliileta baba wa mtoto. Mimi ndiye niliyeomba itolewe, kwa sababu mtoto alikuwa anasukuma kwa ncha za vidole, na siku moja nilimdakia mdomoni mwa ngazi. Hatua zake za kwanza nilizishuhudia mimi, saa nne asubuhi, kutoka kwenye stuli mpaka kwenye ndoo ya nguo. Hatua tatu. Sikumwambia mama yake. Jioni aliporudi nikaweka stuli palepale, na ndoo palepale, nikamsimamisha mtoto nikaingia jikoni. Nikamsikia mama anavyopiga vigelegele. Wewe wako walipoanza ulikuwa wapi?

Mzee wa Kigamboni:
Binti, sikukusema wewe. Na kweli, wawili nilikuwa safarini. Lakini wapo madada wa namna niliyosema.

Zaituni:
Hukusema "wapo". Ulisema dada wa kazi, na dada wa kazi ni mimi.

Mama Careen:
Zai, umeniliza hapa ofisini. Nimeanza kumwazia dada wangu wa kazi, kama naye alinipangia stuli hivyo hivyo.

Mpare wa Same:
Tukiacha kugombana, Kanada wamepiga marufuku woka tangu 2004, sababu ni watoto kuporomoka nazo ngazini. Kariakoo zimepangwa barabarani. Hilo ndilo la kupeleka kwa wakubwa.

Mzee wa Kigamboni:
Na mama mwenye chumba kimoja, jiko la mkaa liko mlangoni, amweke wapi mtoto anapopika? Jibu hilo kwanza.

Mpare wa Same:
Mgongoni, mzee. Ulilelewa wapi wewe?

Mzee wa Kigamboni:
Mgongoni na mafuta yanaruka kwenye karai? Usinifundishe.

Mama Nayla:
Samahani kuingilia. Wangu ana miezi 13. Anasimama dede akishika kochi, anakwenda ubavu ubavu. Ila mkono wa kushoto ameukunja ngumi muda wote. Hata kipande cha chapati, ukikiweka upande wa kushoto, anajipinda mwili mzima akifuate kwa mkono wa kulia. Ni wa kulia tu, au?

Nesi wa Zamu:
Mpeleke kesho. Umri huo mtoto hajachagua mkono, anatumia yote miwili. Usingoje sindano ya miezi 18. Mwambie daktari kama ulivyoandika hapa, na hilo la chapati usiliache. Lilianza lini?

Mama Nayla:
Miezi 6 hivi. Nyumbani walisema huyu atakuwa na nguvu ya kulia, tukafurahi.

Mama Pacha:
Kulwa alikuwa anakunja zote mbili. Mama Nayla, ukitoka huko kesho rudi hapa uniambie walichosema. Nitakuwa nasubiri.