Naomba ushauri: mama na tamthilia za mauaji

Habari zenu wapendwa. Tangu astaafu, mama yangu hushinda akitazama tamthilia za mauaji na utekaji. Sasa kila usiku anakagua komeo la mlango mara tatu, tena kwa kulitikisa, na wajukuu hawaruhusiwi kucheza nje, ingawa mtaani kwetu hakujatokea lolote. Nimesoma kuwa miaka ya 1970 mtafiti George Gerbner wa Marekani alilieleza jambo hili: anayetazama televisheni kupindukia huiona dunia kuwa ya kutisha kuliko ilivyo. Nikamweleza mama, akanijibu mimi ndiye nisiyeijua dunia. Kumzimia televisheni siwezi, ni mzazi wangu, na inaniuma kumwona na hofu.

Nimsaidieje bila kumvunjia heshima? Na watoto wanaoanza kuogopa niwaambie nini?