Python: fanksheni mbili zenye jina moja, bei zinachanganyika. Naomba msaada

Binti_Kibirizi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, namsaidia mama mdogo hesabu za duka, tunauza dagaa na mawese. Nimemwandikia skripti ya Python ya kutoa risiti. Mwezi uliopita niliandika fanksheni (kipande cha kodi chenye jina lake) ya dagaa, nikaiita bei(kiasi), kilo shilingi 25,000. Juzi nikaongeza ya mawese kule chini, nayo nikaiita bei(kiasi), dumu la lita 20 kwa 80,000.

Jana mteja kachukua dagaa kilo 12, risiti ikaandika 960,000 badala ya 300,000. Mama wa watu alishaanza kufungua kanga atoe hela! Skripti haikulalamika hata kidogo. Ninawezaje kuiambia Python iite ile ya juu?

Fundi_Reli:
Pole dada. Ile ya juu haiitiki tena. Python inasoma faili kutoka juu kwenda chini, na kila ikikuta def, neno linaloanzisha fanksheni, inabandika jina kwenye fanksheni hiyo. Ilipofika kwenye mawese, jina bei likahamia huko. Lugha nyingine ziko tofauti: PHP ingegoma kabisa kuendesha faili hilo. Perl, ukiwasha maonyo, ingekuambia "Subroutine bei redefined". Python inanyamaza tu, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Binti_Kibirizi:
Asante kaka. Mawese nataka kuongeza kigezo cha pili, hela ya dumu tupu kwa asiyekuja na lake. Vigezo vikitofautiana idadi, si itajua ipi ni ipi?

Fundi_Reli:
Hapana, hiyo ni lugha ya Java. Python inaangalia jina peke yake. Ukiita bei(12) wakati ya mwisho inadai vigezo viwili, utapata TypeError, yaani skripti itasimama na ujumbe wa kosa. Afadhali hiyo kuliko hesabu ya uongo, lakini dagaa bado hujauza.

Mzee_Ujiji:
Mwanangu, ziite bei_dagaa na bei_mawese, kisha tafuta kila mahali ulipoandika bei( ubadilishe, usiache hata mahali pamoja. Duka likikua, tenga mafaili: dagaa.py na mawese.py. Juu andika import dagaa, import mawese, halafu uite dagaa.bei(12). Hapo majina yanaweza kufanana bila ugomvi. Ila usiandike from dagaa import * na from mawese import *, maana utarudi palepale, la mwisho litafunika la kwanza. Na endesha Pylint, programu ya kukagua makosa kwenye kodi ya Python, kabla ya kumpa mama. Itakuonyesha E0102, yaani jina la fanksheni limerudiwa, na namba ya mstari.

Binti_Kibirizi:
Shikamoo mzee, na asante sana. Nimebadilisha majina, kilo 12 sasa inatoa 300,000. Pylint imenionyesha na nyingine, jumla(), nimeiandika mara mbili bila kujua. Sasa hivi napitia risiti zote tangu juzi moja moja. Nimeshakuta mbili za dagaa zilizozidi, na wote wawili walilipa. Namba zao za simu mama mdogo anazo, kesho asubuhi tunawarudishia hela yao.

Mzee_Ujiji:
Marahaba. Pitia na za mawese pia, kama jumla() nayo iliguswa.