Naombeni ushauri: niache redio hapa Mwanza nikafuate mbio za magari msimu mzima?

Sauti ya Mabatini

Habari za jioni wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mtangazaji wa michezo kwenye redio moja hapa Mwanza. Kazi yangu ni mpira: Pamba Jiji wakicheza Kirumba nipo, Simba au Yanga wakitua nipo. Lakini ugonjwa wangu ni magari. Nimekulia kwenye gereji ya baba mdogo kule Nyakato, na hadi leo gari likipita linakohoa lazima nigeuke.

Sasa kuna jamaa wa Dar wana televisheni ya mtandaoni, wameniita. Wanataka mtu wa Kiswahili wa kuzunguka na mbio za magari Afrika Mashariki. Aanze na Safari Rally kule Naivasha, Kenya, mwezi wa tatu, kisha Pearl of Africa kule Uganda, Rwanda, halafu Mkwawa Rally hapa nyumbani. Laki sita kwa kila mashindano. Nauli na gesti juu yao, chakula juu yangu. Mkataba bado, wanasema tutaweka sawa tukifika Naivasha.

Redioni napokea laki nne na nusu, ingawa mara nyingine inachelewa mpaka unasahau ilikuwa ya mwezi gani. Mhariri amenipa jibu moja tu: ukienda, usirudi.

Mke wangu anauza dagaa Mwaloni na ni mjamzito, kliniki wamesema mwishoni mwa mwezi wa nne. Hajanikataza. Amesema "wewe ndiye unajua", na mliooa mnajua hiyo kauli ina uzito gani.

Waliowahi kuishi na kazi ya kufuata mashindano, maisha yakoje huko? Ni riziki au ni mapenzi tu ya magari?

Pweza wa Nchi Kavu

Bongo hii nani anaangalia magari? Baki na mpira kaka. Hata mganga wa kienyeji anatafsiri ndoto za Simba na Yanga, hajawahi kuulizwa habari za tairi.

Mzee wa Isamilo

Kijana hapo juu hajui asemalo. Safari ilianza mwaka 1953, ikakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na huku kwetu watu walikuwa wanasimama barabarani kusubiri vumbi. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, na Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Waulize vijana kumi wa Mwanza kama wanalijua hilo jina. Hawalijui kwa sababu hakuna aliyewasimulia kwa lugha yao. Mimi nasema nenda.

Kamera Begani

Mkuu, mimi nabeba kamera Naivasha tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ngoja nikueleze bila kupamba.

Ondoa kichwani picha ya mtangazaji wa mpira aliyekaa jukwaani anaona uwanja wote. Kwenye rali unaliona kila gari kwa sekunde chache, vumbi linakufunika, limekwenda. Nani anaongoza unajua kwa muda unaosoma kwenye simu, na huko porini Kedong au Soysambu mtandao unakuja unapojisikia. Kazi yenyewe inafanyika kabla, pale service park, yaani magari yanakotengenezewa: unasikiliza mafundi, unajua nani kachagua tairi gumu, nani jana alirudi na shokapu imekufa, nani hapatani na msoma ramani wake. Usipokuwa na hayo mfukoni, gari likipita utaishia kupiga kelele "anapitaaa!" na msikilizaji wa Geita hajaambulia kitu.

Barabara ya hatua, yaani kile kipande ambacho magari yanashindania muda, inafungwa mapema sana kabla ya gari la kwanza. Ukitaka kuwa kwenye hatua ya Sleeping Warrior asubuhi, unaamka saa tisa usiku, na ukishaingia hutoki mpaka magari yaishe. Kwa hiyo unachagua hatua moja kwa siku, mbili ukibahatika. Jioni wenzako wanakula nyama choma, wewe upo na kompyuta unakata sauti na kubembeleza bando. Jumapili ni Hell's Gate, hatua ya mwisho yenye pointi za nyongeza. Hiyo siku moja tu, sikudanganyi, inalipa uchovu wote.

Mvua nayo usiisahau. Mpaka 2023 mashindano yalikuwa mwezi wa sita, kuanzia 2024 yakarudishwa mwezi wa tatu. Lile vumbi laini wanaloliita fesh-fesh likinyeshewa ni balaa. Ukikodi kigari cha bei rahisi utalala nacho porini. Halafu mwaka huu wa 2026 ni Machi 12 hadi 15, ndani ya Ramadhani. Kama unafunga, beba tende na maji yako kwa sababu magharibi inaweza kukukuta katikati ya pori la Kedong.

Bei za gesti Naivasha wiki ile zinapanda kupita kiasi, kwa hiyo wakuonyeshe chumba kilicholipiwa, siyo ahadi. Kwa basi kutoka Mwanza ni Bunda, Tarime, unavuka Sirari, Migori, Kisii, Narok, unashuka Mai Mahiu, hapo Naivasha ni jirani. Vifaa vyako viorodheshe forodhani wakati wa kutoka ili usisumbuliwe kurudi.

Na ukiwa porini usisimame upande wa nje wa kona hata kama ndiko kwenye picha nzuri. Tafuta kingo ya juu, usigeuzie barabara mgongo ukiwa unaongea na maiki. Nimeona watangazaji wageni wakifanya hivyo, moyo ukanipasuka.

Mwisho, waulize jamaa zako swali hili kabla ya lingine lolote: wana haki gani za kurusha? Haki za mashindano ya dunia zipo kwa kampuni ya WRC Promoter. Kuwa na kibali cha mwandishi hakukupi ruhusa ya kurusha hatua mbashara kwa simu. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, ujue na wao hawajaulizia.

Hesabu Kali

Mashindano manne mara laki sita ni milioni mbili na laki nne. Redio, kuanzia Machi mpaka Oktoba, ni miezi minane mara laki nne na nusu, yaani milioni tatu na laki sita. Toa chakula cha barabarani. Kwa bei hiyo wewe ndiye unawadhamini wao. Waambie walipe na siku za kusafiri na za maandalizi, siyo siku za gari kukimbia tu.

Wakili wa Igogo

Mleta uzi, tulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Hukuitaja popote kwenye maelezo yako. Omba likizo kwa maandishi, peleka utawala, siyo kumnong'oneza mhariri korido. Naivasha iwe ndani ya likizo. Ila soma mkataba wako wa sasa kama unakataza kufanya kazi kwa mwingine, na upate kibali chao kwa maandishi.

Mwajiri ndiye anakuchangia NSSF, na kama mna bima ya afya ya NHIF kupitia kazi, ukiacha mwezi wa tatu mama anajifungua mwezi wa nne akiwa na kadi gani? Hilo ulifikirie kabla ya Peugeot za mzee wetu, shikamoo mzee. Na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari kama hauna, anza leo. Kenya nako utahitaji kibali cha Media Council, baraza lao la habari.

Mama Kulwa

Mwangaluka. Wanaume mmeongea yote, sasa nisikilizeni.

Mume wangu anaendesha lori la Kigali, kwa hiyo kuondokewa nakujua. Mdogo wangu, Naivasha siyo tatizo. Mwezi wa tatu mkeo bado anatembea mwenyewe. Tatizo ni Uganda, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa tano. Wewe utakuwa porini na maiki, yeye ana kichanga cha wiki mbili. Hapo ndipo "wewe ndiye unajua" itakapokurudia.

Kingine. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa, na mkeo anakaa na wadai. Kipato chake kinapanda na kushuka kila mwezi, na ule mshahara wako mdogo unaochelewa ndio unaoziba pengo. Ukigeuka na wewe wa kulipwa kwa msimu, siku mbalamwezi na ukimya wa mashindano vikikutana mtakula nini? Usimuulize kama anakuruhusu. Muulize usiku uchungu ukianza nani anampeleka hospitali, na kwa hela iliyowekwa wapi. Akikujibu hilo, ndiyo muongelee magari.

Saa Kumi Kamili

Wazo dogo: mbona usianzishe kipindi cha magari hapo hapo redioni? Formula 1 inaanza Melbourne Machi 8, na mbio za kule kwa saa zetu zinaanza saa moja asubuhi, watu wanajiandaa na misa ya pili. Zile za Ulaya nyingi zinaanza saa kumi jioni, hapo utagombana na Ligi Kuu, lakini asubuhi hakuna anayeitaka.

Sauti ya Mabatini

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya.

Mama Kulwa, nilimuuliza mke wangu kama ulivyosema. Alikuwa na jibu tayari muda mrefu! Mama yake anakuja kutoka Sengerema kuanzia katikati ya mwezi wa tatu, na kwa kuwa siku hizi ni daraja la Kigongo–Busisi hamna tena kusubiri kivuko. Ila Uganda amesema hapana, tena hakusema "wewe ndiye unajua".

Wakili, utawala wamepokea barua ya likizo na mhariri amelainika ghafla. Sasa anataka niwe narusha ripoti za Naivasha kwenye redio yake pia, bure. Wa Dar wanataka sauti yangu iwe ya kwao peke yao. Nimewauliza habari ya haki za kurusha, wamejibu "usijali kaka".

Wakili wa Igogo

"Usijali kaka" siyo kifungu cha mkataba. Usipande basi.

Kamera Begani

Wape wa Dar video na mahojiano ya service park, redio wape dakika mbili za simu kila jioni, na wote wawili wasaini wakijua mwenzao anapata nini. Uganda waambie mapema watafute mtu mwingine, Rwanda na Mkwawa mtaongea baada ya mtoto. Wakikataa hilo, njoo Naivasha kwa likizo yako kama mtazamaji. Nafasi ya kulala kwenye chumba changu ipo, ila nakoroma.

Pweza wa Nchi Kavu

Huyo Shankland ana video yoyote mtandaoni? Nimeanza kutafuta.